Namba Kumi na Saba Hana Tarishi

Katika chumba cha kuoshea vyombo cha maabara ile, watu walikuja kwa mikono. Nyuso zao zilibaki upande wa pili wa ukuta. Palikuwa na kidirisha cha mbao, upana wake wa kupitisha trei moja, na mwenye vichupa vichafu alisukuma trei yake hapo, akagonga kengele ndogo ya mezani mara moja, akaenda zake. Bi Povu alikuwa ameinamia sinki ndani, na alipogeuka aliona vidole tu vikirudi nyuma. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewajua wote kwa vidole: mwenye pete iliyombana, mwenye kucha za kutafunwa, na fundi wa mitambo mwenye kovu la moto kwenye kidole gumba. Jioni akikutana nao getini, wakiwa na nyuso zao, hakuwa na hakika amsalimie nani kwa lipi. Basi alisalimia chini, kama anayeisalimia ardhi, akapita.

Hilo jina la Bi Povu alibandikwa na huyo fundi mwenye kovu, mtu wa mzaha asiyeweza kupita mahali pasipo kuacha kicheko. Kila Bi Povu alipoitwa nje, alitoka mikono ikiwa na povu mpaka kwenye viwiko. Wala hakulikasirikia jina lenyewe. Alisema moyoni kwamba povu ni shahidi kuwa mtu yuko kazini.

Alikuwa mjane, mwaka wa pili huo. Marehemu mumewe alikuwa tarishi, mpeleka barua na majalada katika ofisi moja kubwa, miaka ishirini na saba ya kupanda na kushuka ngazi na mfuko wa ngozi begani. Mungu hakuwajalia mtoto, nao hawakumnung'unikia. Jioni tarishi alirudi na habari za jengo zima: nani kapandishwa cheo, nani hasemi na nani kwa ajili ya kiti cha kuzunguka, bosi gani kalala mezani na kalamu ikamchora shavu. "Mimi, mke wangu, sina siri yangu hata moja," alikuwa akisema huku anavua viatu, "mimi nabeba za wenzangu tu." Bi Povu alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuhitaji kutoka, dunia ililetwa mlangoni.

Alipofariki, nyumba ilinyamaza ghafla kama redio iliyokatikiwa umeme. Mfuko wa ngozi ulibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila mlango ulipofunguliwa mfuko ule ulipiga mbao, taratibu, kana kwamba mtu anabisha hodi kutoka ndani. Bi Povu hakuweza kuutoa. Alipika chakula cha mtu mmoja na bado kikabaki. Asubuhi alisali, akamalizia kwa "Amina" ya sauti, na siku nyingine hiyo Amina ndiyo iliyokuwa neno lake la kwanza kulitamka mbele za watu na Mungu, na Amina ya jioni ikawa la pili. Katikati hapakuwa na kitu.

Jumapili mchana wifi yake, dada wa marehemu, alipiga simu kutoka mbali.

"Wifi! Bado upo? Nilidhani wameshakusuuza pamoja na vichupa vyako."

"Nipo, wifi. Mungu ananitunza."

"Unakula?"

"Nakula."

"Muongo mkubwa. Haya, nisalimie wa nyumbani."

Wa nyumbani hakuwapo, na wifi alijua, lakini ulimi umezoea. Simu ilikwisha kwa dakika mbili. Bi Povu mwenyewe hakuwahi kupiga hata siku moja. Aliona atamkatiza mtu mwenye watu wake, na yeye hana habari ya kumpa.

Ndipo akaja Miwani.

Miwani alikuwa mtafiti kijana, binti mwembamba mwenye miwani mikubwa iliyomteleza puani kila alipoinama, na jina likamkaa siku ya kwanza. Siku hiyo hiyo alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika: baada ya kusukuma trei, aliinama akaingiza kichwa chote kidirishani.

"Habari za kazi, mama?"

Bi Povu alishtuka akamwaga maji. "Nzuri, mwanangu. Umepotea njia?"

"Hapana, nimekuja kukuona. Vichupa vyangu vitakuchosha. Ni vingi na vyote lazima viwe safi kabisa, maana natafuta kitu kidogo mno."

"Kidogo kama nini? Kama punje ya mchanga?"

"Punje ya mchanga ni mlima, mama."

Wiki ile ile alimpeleka kwenye chumba cha giza amwonyeshe. Kilikuwa chumba chembamba kilichozibwa madirisha, na mezani palikuwa na taa ya mwanga wa zambarau. Miwani alisimamisha vichupa viwili mbele ya taa. Kimoja kiliwaka buluu safi, kama mbingu imekamuliwa ndani yake. Cha pili kilikuwa kimefifia.

"Hizo zinazowaka ni chembe tunazozipika wenyewe," Miwani alieleza, "kwa unga mchachu kama wa ndimu. Ukizipanga elfu kumi mstari mmoja, hujafika unene wa unywele. Sasa sikiliza. Ubongo wa mtu ni ofisi kubwa. Wa chumba hiki akitaka kumwambia kitu wa chumba kile, hawezi kupiga kelele. Anatuma tarishi."

"Tarishi?" Bi Povu aliuliza haraka.

"Ndiyo, mama. Mmoja wao anaitwa dopamini. Kuna ugonjwa wa kutetemeka ambao matarishi hawa hupungua. Mkono unaambiwa tulia, barua haifiki, mkono unaendelea kutikisika. Mimi nataka kujua kama upungufu huo unaweza kuonekana mapema kwenye mate au mkojo, bila kumchoma mtu sindano. Chembe zangu zikiguswa na tarishi, zinazimika. Kwa hiyo kichupa kikififia, matarishi ni wengi. Kikiwaka sana, ofisi haina mtu."

"Kumbe hapa kwenu giza ndiyo habari njema," Bi Povu akasema polepole.

Wakati huo mlango ulifunguka, fundi akachungulia, akaangua kicheko. "Bi Povu! Kichwa kinawaka! Humo ndani hamna mtu!"

Kweli, kitambaa cheupe alichojifunga kichwani kilikuwa kinang'aa buluu katika giza lile. Walicheka wote, na Bi Povu akacheka nao, akakishika kitambaa kwa haya. Miwani alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Hakugeuka kutazama vizuri. Jambo likapita kama mzaha mwingine wa fundi.

Lakini neno tarishi lilimwandama mpaka nyumbani. Alisimama mbele ya mfuko wa ngozi akatabasamu peke yake. Miaka ishirini na saba ya ngazi, baba, na kumbe ulikuwa unafanya kazi ya ubongo.

Mwezi uliofuata kazi ya Miwani ilipamba moto, na hapo ndipo mambo mawili yalipoharibika kwa pamoja. Mtambo wa kuchujia maji uliungua. Maji yale yasiyo na chochote, ya kusuuzia, yakawa yanaletwa kwa madumu na kwa kipimo, na Bi Povu aliyezoea kusuuza mara tatu akasuuza mara moja. Tena sabuni ya maabara, ile ya maji isiyo na harufu, ikaisha. Alimwandikia mtunza stoo kikaratasi. Kikapita kidirishani, hakikurudi. Akaandika cha pili. Akaandika cha tatu, kwa herufi kubwa alizofundishwa shule ya msingi, na mwisho akaongeza "tafadhali sana". Trei zilizidi kuingia, kengele zililia. Mtu wa kumuuliza hakumwona. Miwani siku hizo alikuwa mahospitalini akikusanya sampuli.

Asubuhi moja Bi Povu alikuja na paketi ya sabuni ya unga kutoka nyumbani, ile aliyofulia nguo zake nyeupe. Picha ya shati linalometameta ilichorwa juu yake. Alivyoona yeye, sabuni inayotoa nguo ya ibada ikiwa nyeupe namna ile itashindwaje na kichupa? Akaroweka vyote, akasugua kwa brashi, akasuuza mara moja, akavipanga. Viling'aa hata akajisifu kidogo, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kujisifu.

Miwani aliporudi alihitaji pia watu wasio na ugonjwa, wa kulinganisha nao. Alizunguka maabara nzima na fomu zake. Alipofika kidirishani aliuliza kwa upole, "Mama, na wewe unaweza kunisaidia? Haja ndogo tu, kwenye kichupa. Majina hatuandiki. Utakuwa namba."

"Namba ngapi?"

"Kumi na saba."

Bi Povu aliweka sahihi yake polepole, herufi kwa herufi. Kuna kitu hakukisema. Kwa mwaka na zaidi alikuwa amejisikia kama chumba kilichohamwa, na hakuna daktari wa kumwendea kwa ugonjwa wa namna hiyo. Utamwambia unaumwa wapi? Sasa hapa kulikuwa na taa inayoona mpaka tarishi wa kichwani. Labda itaona. Na kwa kuwa aliona aibu kumpa binti yule kitu cha mwilini mwake, kichupa chake alikiosha mara mbili, kwa sabuni iliyojaa kiganja.

Siku nne baadaye, akiwa anakausha brashi, alisikia sauti ya fundi upande wa pili wa ukuta.

"Njoo uone hii! Namba kumi na saba hana tarishi hata mmoja! Ofisi imefungwa, kufuli mlangoni, panya wanacheza mpira!"

"Acha mzaha," sauti ya Miwani ikajibu. "Haiwezekani. Inawaka kuliko hata mgonjwa aliyezidiwa."

"Basi huyo keshakufa, ila hajaambiwa."

Bi Povu aliweka brashi chini. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, mpaka povu likamkaukia likawa chumvi nyeupe kwenye ngozi. Hakulia. Alijiona kama mtu aliyekuwa akishuku jambo siku nyingi, na sasa ameletewa karatasi yenye muhuri. Hana tarishi hata mmoja. Walikuwa wamelisema wazi, wale watu wenye mitambo, jambo ambalo yeye alilijua kila mfuko ulipogonga mlango.

Siku zile alipungua. Jumapili wifi alipiga akauliza kama anakula, naye akajibu nakula, na wifi hata hakumwita muongo, maana watoto walikuwa wanampigia kelele nyuma. Katika sala zake Bi Povu hakuomba apone. Aliomba tu asiwe mzigo kwa mtu.

Wiki ya tatu Miwani alikuja kidirishani bila trei. Safari hii aliingiza mikono miwili, akaiacha juu ya ubao kama mtu aliyechoka kuibeba. Bi Povu aliitambua kabla ya uso: vidole vyembamba, wino kwenye cha kati. Vilikuwa vinatetemeka.

"Mwanangu, una nini?"

"Kazi yangu imekufa, mama." Miwani alivua miwani akafuta machozi kwa mkono wa koti. "Kila kitu kinawaka. Wagonjwa wanawaka, wazima wanawaka. Profesa anasema chembe zangu mbovu na mkono wangu mchafu. Ijumaa nimpelekee maelezo, la sivyo anaifunga kazi na mimi narudi nyumbani. Miaka miwili, mama. Kuna wazee kule hospitali wananishika mkono kwa mikono yao inayotikisika, wananiuliza, binti, umefika wapi."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Jana nimeweka maji matupu. Maji! Bila chembe, bila mkojo, bila chochote. Yamewaka buluu ile ile."

Bi Povu aliyekuwa anampapasa mkono akaacha. "Maji matupu? Umeyaweka kwenye chupa gani?"

"Safi. Hizo ulizoosha wewe."

Miwani aliondoka akijikokota. Bi Povu alibaki akitazama paketi ya sabuni kwenye rafu, na shati la kwenye picha likamtazama yeye, likimetameta. Kitambaa kikamrudia akilini. *Kichwa kinawaka! Humo ndani hamna mtu!* Kitambaa kile alikifua na nini?

Alisubiri saa ya chakula cha mchana, wote walipotoka. Juu ya kabati kulikuwa na kichupa kilichosahauliwa tangu enzi za sabuni ya maabara. Alikifuta vumbi la nje kwa kitambaa kikavu. Akachukua cha pili alichokiosha kwa sabuni ya unga wiki iliyopita. Akachukua cha tatu, akatia punje chache za sabuni ya unga. Vyote akavijaza maji yale ya madumu. Akaenda navyo chumba cha giza, akafunga mlango, akasema "Ee Mungu," akawasha taa.

Cha kwanza kilikaa gizani kimya. Cha pili kiliwaka buluu hafifu. Cha tatu kiliwaka kama nyota.

Alisimama pale muda, na la kwanza kumjia, lazima lisemwe, lilikuwa furaha. Haikuwa ofisi yake iliyofungwa. Ilikuwa sabuni! Viganja viwili vya sabuni ya unga kwenye kichupa cha mwanamke mwenye haya. Akacheka kwa sauti peke yake gizani, kicheko ambacho hakukisikia tangu siku za tarishi.

La pili likaja likakikata. Paketi ile aliileta nani?

Angeweza kunyamaza. Sabuni ya maabara ilikuwa imeletwa hatimaye juzi, madumu mawili. Angeweza kuviosha vichupa vyote upya, akavisuuza mpaka sabuni ya unga isahaulike, na kuanzia Jumatatu kila kitu kingekuwa sawa. Lakini Miwani hakuwa na Jumatatu, alikuwa na Ijumaa tu, na hesabu za wiki zote zile zingebaki kwenye daftari kama ushahidi kwamba mkono wake ni mchafu. Na akisema? Tangu mwaka jana Profesa alikuwa akitajataja vichupa vya plastiki, vya kutumia mara moja na kutupa. Alikuwa anasubiri sababu. Sababu yenyewe ilikuwa hii, kwenye rafu, na picha ya shati. Kidirisha kingefungwa. Mikono yote ile, pete na kucha na kovu, ingekwenda kwingine, naye hakuwa na mikono mingine duniani.

Jioni ile alisali akakawia. Alijitetea mbele za Mungu kwa vikaratasi vitatu na "tafadhali sana". Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Vidole vya Miwani vilikuwa vinatetemeka bado machoni pake.

Alhamisi asubuhi alivua aproni, akaosha mikono isiwe na povu, akapanda ghorofani na vichupa vitatu kwenye trei. Miaka kumi na tisa, hakuwahi kuingia ofisi ya Profesa. Profesa alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ya chini, na fundi alikuwa pale akimrekebishia kiyoyozi. Miwani alikuwa kwenye kiti, macho mekundu.

"Mama, umekosea mlango?" Profesa aliuliza. Naye hakumjua kwa uso.

"Sijakosea, Profesa. Naomba tuende chumba cha giza. Nina kitu cha kuonyesha, na nikikieleza hapa nitashindwa."

Walikwenda. Hakuna aliyejua kwa nini walimtii. Akawasha taa, na vichupa vikasema wenyewe: kimya, hafifu, nyota. Kisha Bi Povu akavua kitambaa cha kichwani akakilaza mezani kando yavyo. Kikawaka buluu ile ile.

"Ni sabuni yangu ya kufulia," alisema. "Ya stoo iliisha, mimi nikaleta ya nyumbani. Binti huyu chembe zake ni nzima na mkono wake ni safi. Mkono mchafu ni huu wangu, ninaousafisha kutwa nzima."

Miwani alifunika mdomo. "Dawa ya kung'arisha nguo," akanong'ona. "Inawaka buluu. Nami niliona kitambaa kile… sikufikiri."

Profesa alimgeukia Bi Povu. "Mama, miaka yote hii upo hapa. Kwa nini hukumuuliza mtu?"

Hakukuwa na ukali ndani yake, aliuliza kweli. Na Bi Povu akajibu kweli.

"Ningemuuliza nani, Profesa? Kule kwangu inakuja mikono tu."

Fundi aliangalia chini, akakificha kidole gumba ndani ya ngumi.

Hesabu zote za wiki zile zilipigwa mstari na sababu ikaandikwa pembeni. Miwani alipewa miezi sita. Bi Povu hakufukuzwa. Profesa alisema mtu anayeleta kosa lake kwenye trei hafukuzwi. Lakini vichupa vya plastiki vilikuja, maboksi kwa maboksi, na sampuli zote zikahamia humo. Kwa Bi Povu zikabaki chupa kubwa chache za kupikia dawa, trei mbili kwa siku, nyingine hata moja. Alikaa kwenye kigoda akikisikiliza kidirisha. Fundi alipita mara moja moja akaingiza kichwa na kusema, "Bi Povu, upo?" halafu asijue la kuongeza, akaenda. Alijitahidi, lakini mzaha ulikuwa umemwishia.

Miwani alikusanya sampuli zote upya. Namba za watu zilibaki zile zile. Siku ya majibu alikuja, kichwa ndani ya kidirisha, miwani ikining'inia.

"Mama, zinafanya kazi! Wazima wamefifia, wagonjwa wanawaka. Safi kabisa."

"Mungu asifiwe." Bi Povu alisugua chupa ambayo tayari ilikuwa safi. "Na yule… namba kumi na saba?"

Miwani alimtazama. Alielewa kwa mara ya kwanza, na uso ukambadilika. "Ee, mama. Ulitusikia siku ile?"

"Ukuta mwembamba."

"Namba kumi na saba hana tatizo lolote. Matarishi wake wapo, tele, kama wa mtu mwingine yeyote." Akasita. "Lakini mama, nisikudanganye. Hii taa haioni huzuni. Mkojo hausemi kama mtu ana furaha au hana. Inatafuta ugonjwa wa kutetemeka tu."

"Haioni?"

"Haioni, mama. Hakuna taa ya hilo."

"Haya, mwanangu. Asante kwa kuniambia ukweli."

Kazi yake ilipokwisha, Miwani alihamia maabara nyingine, mji mwingine. Aliaga kwa kumkumbatia kupitia kidirishani, mbao zikawachoma mbavu wote wawili.

Jumamosi iliyofuata Bi Povu alirudi nyumbani mapema. Alifungua mlango, mfuko wa ngozi ukagonga mbao. Aliushika usitikisike. "Wapo, baba," akauambia. "Wamepimwa. Wote wapo kazini." Kisha akakaa kitandani akaona jambo ambalo mumewe angelicheka: matarishi tele, wamesimama mlangoni na mifuko yao mitupu, na hakuna aliyewahi kuwaandikia barua ya kupeleka.

Akachukua simu. Namba ya wifi aliibonyeza kwa kidole kimoja, tarakimu kwa tarakimu. Ililia mara nyingi, akataka kukata.

"Wifi?" Sauti ilikuja na hofu. "Leo Jumamosi! Wewe ndiye umepiga? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepimwa."

"Sasa kuna nini?"

Bi Povu alitazama mikono yake, mikavu, haina povu. Redio ilikuwa haijawashwa. Nje mtu alipita akiburuta kandambili, akatokomea.

"Hakuna kitu, wifi," alisema. "Nimepiga tu. Una nafasi ya kunisikiliza kidogo?"